Majirani Lancaster, Pennsylvania

Mama Neema, 18:42
Jamani hamjambo. Uchaguzi ni Jumanne tarehe 3 Novemba. Asiyeomba karatasi ya kura ya posta, mwisho ni 27 Oktoba saa kumi na moja jioni. Siku hiyo ombi liwe LIMEFIKA ofisi ya uchaguzi ya kaunti, kutuma tu haitoshi. Ingieni vote.pa.gov, mjaze namba ya leseni ya udereva. Huna leseni? Tarakimu nne za mwisho za namba ya soshali (Social Security).

Mama Neema, 19:30
Tiki za buluu naziona. Majibu siyaoni.

Eliya, 19:33
Tupo mama 🙏

Kasimu, 19:34
Sambusa zitakuwepo?

Mama Neema, 19:34
Kasimu!!

Zawadi, 19:41
Yangu imeshafika. Bahasha mbili, nianze na ipi?

Mama Neema, 19:46
Kunja karatasi, itie kwenye ya njano, funga. Ya njano ndiyo ya siri, usiandike kitu juu yake, wala jina wala alama. Kisha iingie kwenye ile kubwa ya kurudishia. Kubwa utie sahihi na tarehe ya siku unayosaini. Watu huandika tarehe ya kuzaliwa! Na karatasi ikirudi bila ya njano, haihesabiwi.

Kasimu, 19:47
Kura imekwenda uchi 😂😂

Baba Shukuru, 19:52
Mimi bado nina grini kadi, nimeletewa fomu ya kujiandikisha kupiga kura. Nijaze?

Eliya, 19:53
USIJAZE kaka. Kujiandikisha kabla ya kula kiapo cha uraia kunaweza kukuharibia uraia wenyewe. Ukiapa angalau mwezi mmoja kabla ya uchaguzi, jiandikishe siku hiyohiyo, maana mwisho wa kujiandikisha ni 19 Oktoba.

Mama Neema, 19:58
Sasa Jumamosi mniletee bahasha zote nyumbani, nizipeleke mara moja.

Eliya, 20:01
Hapo hapana mama. Pennsylvania kila mtu anarudisha yake. Hata ya mume wako hubebi. Mwenye ulemavu peke yake ndiye anayejaza fomu ya kuteua mtu, na huyo mtu anabeba ya mmoja tu, labda wawe wanaishi nyumba moja.

Mama Rehema, 20:03
Afadhali. Ya turubai za msiba hatujasahau.

Mama Neema, 20:03
Rehema turubai nilirudisha na mashahidi wapo.

Mama Rehema, 20:04
Moja.

Kasimu, 20:05
Tulipigie kura hilo la pili 😂

Eliya, 20:07
Jamani hili la maana: mhuri wa posta hausaidii. Bahasha iwe mikononi mwa kaunti saa mbili usiku tarehe 3. Wiki ya mwisho msiiamini posta, pelekeni wenyewe ofisini.

Mama Rehema, 20:08
Na sufuria kubwa je?

Mzee Bahati, 20:31
Neema, usikusanye kura za watu. Rehema, turubai na sufuria ni maneno ya kikao. Kila mtu abebe bahasha yake kwa mkono wake.

Mama Neema, 20:40
Ndiyo Mzee.

Mama Rehema, 20:52
Sawa Mzee.

Zawadi, 21:15
Na Bibi Esta? Miguu haimruhusu.

Eliya, 21:17
Anahitaji ile fomu, asaini yeye na atakayembebea. Mimi nimeshateuliwa na mtu mwingine, siwezi.

Zawadi, 21:20
Ningeweza mimi ila wiki hiyo niko zamu ya mchana. Nani yuko huru asubuhi?

Mama Neema, 21:58
Nani yuko huru asubuhi???

Baba Shukuru, 06:12
Gari ninayo, ila mimi si raia. Naruhusiwa kumbebea?

Eliya, 06:40
Ngoja niwapigie kaunti wakifungua. Halafu aliyeomba ya posta akabadili nia: aende kituoni na karatasi PAMOJA na bahasha ya kurudishia, azikabidhi, atapiga kura ya kawaida. Akiziacha nyumbani atapewa ya muda, na hiyo huhesabiwa baadaye wakishahakiki.

Mama Furaha, 11:05
Samahani nilikuwa kazini. Mwisho wa kuomba ni lini?