Bastola chini ya mto: inailinda familia au inaiweka hatarini?

Mkazi wa Madale
Wakuu, naomba tulijadili hili. Nina leseni ya bastola na niliipata kihalali, kuanzia serikali ya mtaa, kamati ya ulinzi ya kata, wilaya, mkoa, hadi kwa msajili wa silaha. Najua sheria ya 2015 ya udhibiti wa silaha inataka itunzwe mahali salama, imefungiwa. Sasa niambieni: watu wakikata grili saa nane usiku, nani atawasubirisha sebuleni wakati mimi natafuta ufunguo wa kasiki gizani?

Wiki iliyopita wameingia kwa jirani upande wa bondeni. Nyaya za umeme juu ya ukuta walizikata, mlinzi wa kampuni wakamfunga kamba, baba mwenye nyumba akapigwa bapa la panga mbele ya wanawe. Kituo kilipigiwa simu, jibu likawa gari halina mafuta. Tangu usiku ule bastola yangu inalala kwenye droo ya kando ya kitanda, magazini ikiwa ndani. Naona ni wajibu wangu kama baba.

Na tuseme ukweli, sisi tuliojenga huku pembeni mwa Dar ndio tunaolielewa jambo hili. Mtu wa Tandale au Manzese amezungukwa na watu kila upande, na hana cha kuibiwa cha kumfanya akahangaikie bastola. Mnasemaje?

Mama wa Kwa Mtogole
Hana cha kuibiwa! Kaka yangu, umeandika vizuri mpaka ukafika hapo. Mimi ni mtu wa Tandale. Nina vyerehani, vitambaa vya wateja na friji ninalouzia maji na juisi, na vyote hivyo vinasomesha watoto. Mwizi akichukua cherehani kimoja kwangu ameniumiza kuliko akikuchukulia televisheni ya ukutani wewe.

Panya Road, yale magenge ya vijana, unadhani walianzia Madale? Mwanzoni mwa 2015 huku kwetu watu walifunga maduka jua halijazama, wanakimbia ovyo, mwingine hajui hata anamkimbia nani. Mwaka 2022 wakarudi na mapanga, wanaingia nyumba hadi nyumba. Waliokatwa walikuwa wapangaji wa chumba kimoja. Wewe unaongelea droo ya kitanda. Sisi wengine kitanda ndicho nyumba, na watoto wanalala chini yake.

Kwa hiyo jibu la swali lako silijui, lakini hilo la "hana cha kuibiwa" lirudishe ulikolitoa.

Askari Mstaafu
Nimeshika silaha maisha yangu yote ya kazi, nitazungumza kama mtu wa silaha. Bwana Madale, tatizo lako halipo kwenye kasiki. Mtu akiamshwa na kishindo usingizini, akili yake haijaamka hata kama macho yako wazi. Mikono inatetemeka, masikio yanavuma, giza linamkuza kila mtu. Askari anafundishwa na kurudiwa tena na tena ili mwili ufanye kabla ya hofu, na bado anakosea. Raia anakwenda kwenye shabaha siku ya kupata cheti, basi, imetoka hiyo.

Mmesahau ya Pretoria, tarehe 14 Februari 2013? Mwanariadha wa Afrika Kusini, Oscar Pistorius, alikuwa anaiweka bastola ya milimita 9 chini ya kitanda, sababu hiyohiyo unayoitoa wewe. Akasikia kitu chooni, akapiga risasi nne kupitia mlango uliofungwa. Mwizi hakuwepo. Aliyekuwa chooni ni mpenzi wake, Reeva Steenkamp. Hakuuliza kwanza huyu wa pembeni yangu yuko wapi, kwa sababu silaha ilikuwa karibu kuliko swali.

Halafu fikiria nyumba yako. Risasi ya milimita 9 haisimami kwenye mlango wa mbao wala kwenye jipsamu. Watoto wanalala chumba kipi? Mstari kati ya kitanda chako na mlango wa korido unaishia wapi? Pima mchana, kwa macho yako, kabla hujaamua chochote.

Jambo la tatu, na hili naliomba kwa nguvu: kama lazima uwe nayo, usiiache imekokiwa. Hata mtoto wa miaka minne anaweza kuwa na nguvu za kutosha kuvuta triga.

Mkazi wa Madale
Mama wa Kwa Mtogole, sikukutukana. Nilisema mna majirani, na huo ni utajiri ambao mimi sina. Huku kati ya nyumba na nyumba kuna pori na viwanja visivyojengwa. Nikipiga kelele wanasikia mbwa tu. Kwenu mwizi akionekana mtaa mzima uko nje na mawe, na tairi limeshafika. Mnajilinda wenyewe, na mnajua mnavyojilinda.

Mama wa Kwa Mtogole
Sasa umefika pabaya zaidi. Kwa hiyo sisi ni wachoma watu?

Nitakwambia kitu ambacho sijawahi kukiandika popote. Kijana wa dada yangu alikimbizwa na kelele za mwizi alipokuwa anatoka kwenye mpira. Simu ilikuwa yake. Waliompiga ni watu ambao asubuhi yake alikuwa amewasalimia. Yuko hai, anatembea kwa gongo. Usiniambie hiyo ni "kujilinda", na usiitumie kuhalalisha droo yako. Hofu inayokufanya ulale na bastola ndiyo ileile iliyowafanya wao waokote mawe kabla ya kuuliza.

Kijana wa Goba
Mama, pole sana kwa mwanao. Lakini mada tusiipoteze. Waswahili walishasema fimbo ya mbali haiui nyoka. Bastola iliyofungiwa kwenye kasiki chumba kingine ni pambo. Hata Marekani, Mahakama yao ya Juu mwaka 2008 kwenye kesi ya Heller iliifuta sheria ya jiji la Washington iliyotaka bunduki ya nyumbani itunzwe bila risasi, imefunguliwa vipande au imefungwa triga. Majaji walisema silaha ya namna hiyo haimsaidii mtu kujilinda. Wale wamekaa na bunduki miaka mingi kuliko sisi.

Kijana wa Sheria
Kijana wa Goba, kesi ile imejengwa juu ya katiba yao inayotaja haki ya raia kushika silaha. Katiba yetu haina haki hiyo. Kwetu silaha ni ruhusa, inatolewa kwa masharti na inanyang'anywa. Waliokuwepo Dar mwaka 2016 wanakumbuka uhakiki: kila mwenye silaha alitakiwa aipeleke polisi na karatasi zake. Huwezi kunyanyua Heller kutoka Washington ukaitua Goba.

Ila Askari Mstaafu naye asiwatishe watu kupita kiasi. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 18 na vile vidogo vyake, 18A hadi 18C, inakupa haki ya kujitetea wewe, mtu mwingine na mali. Inakwenda mbali: mtu akivunja nyumba usiku au kufanya unyang'anyi, na ukawa na sababu ya msingi ya kuhofia uhai wako au wa wanao, haki hiyo inaweza kufika hadi kuua. Masharti ni kwamba nguvu unayotumia iendane na hatari iliyopo. Aliyeshaanza kuruka ukuta kukimbia si hatari tena. Ukimpiga mgongoni, wewe ndiye utakayepanda kizimbani, mahakama ya Kisutu.

Kuhusu Pistorius, kuna kipande kimeachwa. Mahakama yao ya Rufaa mwaka 2015 ilibadilisha hukumu ya kwanza ikasema ni mauaji, na hoja yake ilikuwa kwamba haijalishi alidhani ni nani yuko nyuma ya ule mlango. Alijua kuna binadamu, na alijua risasi zile zinaweza kumuua. Kifungo kikaishia miaka 13 na miezi 5. Ni sheria yao, si yetu, lakini kila mwenye bastola chini ya mto aifikirie hoja hiyo.

Na Mkazi wa Madale, umeandika hadharani kwamba unavunja sharti la leseni yako. Ikiibwa kwenye hiyo droo wakati mko kanisani, utajieleza vipi?

Mkazi wa Madale
Nisingeandika kama ningeogopa kujieleza. Nani kati yenu amesikia mtoto wa jirani analia "baba, wape tu, wape"? Nimesikia mimi, nimesimama dirishani na simu mkononi.

Askari Mstaafu
Na ungefanya nini na bastola hapo dirishani? Ungepiga kuelekea nyumba yenye watoto?

Dada wa Kigamboni
Nimesoma yote, na kuna mtu mmoja hamjamtaja hata mara moja isipokuwa yule marehemu wa Pretoria. Mke. Bastola inalala kando ya kitanda cha watu wawili. Leseni ni ya mmoja. Huyo mwingine haruhusiwi kuitumia, pengine hata hajui inavyofunguliwa, ila kila wakigombana anajua iko umbali wa mkono.

Mimi ni muuguzi. Sitataja hospitali wala mtu. Majeraha ya risasi niliyoyaona ya nyumbani hayakutokana na majambazi. Ni ugomvi wa mume na mke, ni pombe, na mara moja ni mtoto aliyekuwa anatafuta chaja kwenye droo. Kule Marekani anakokutaja Kijana wa Goba, mwaka 1993 Arthur Kellermann na wenzake walitoa utafiti kwenye jarida la New England Journal of Medicine: nyumba yenye bunduki ilikuwa na hatari ya mtu kuuawa humo karibu mara 2.7 ya isiyo nayo, na wauaji wengi walikuwa ndugu au watu wanaofahamiana.

Kijana wa Goba
Utafiti huo ulipingwa sana. Inawezekana waliokuwa hatarini ndio waliokimbilia kununua bunduki. Dada, mke wangu anajua iko wapi na inavyofanya kazi. Unatuona wanaume wote wa Dar ni walevi?

Dada wa Kigamboni
Nilisema nilichokiona wodini. Neno "wote" umeliongeza wewe.

Fundi Grili wa Tegeta
Naingilia kidogo kama mtu ninayefunga milango ya watu. Mnaongelea silaha, wengi wenu milango yenu ni aibu. Mtu anajenga ukuta mrefu hadi jirani haoni ndani, halafu mlango wa jikoni anaweka komeo la elfu kumi. Ukuta ule ukisharukwa unamficha mwizi, anafanya kazi yake kwa raha. Punguza urefu, weka grili ya kuonyesha ndani, taa nje, na mlango wa chuma kwenye korido ya vyumba. Mlango huo ukikupa dakika kumi, kasiki utaifungua na simu utapiga. Nimefunga hiyo kwa wateja wengi wa Bunju na Madale na sijasikia aliyejutia.

Mama wa Kwa Mtogole
Fundi umesema! Ukuta. Kaka wa Madale analia hana jirani, na jirani yuko mita hamsini nyuma ya ukuta kama wake. Jina lake unalijua? Ulimjua kabla hajapigwa bapa la panga?

Mkazi wa Madale
Kwa jina la mtoto wake wa kwanza, ndiyo. Zaidi ya hapo hapana. Lakini mama, ulinzi shirikishi huku ulianzishwa ukafa. Watu walichanga miezi michache, vijana wa doria wakakaa bila posho, wakaacha.

Mjumbe wa Shina
Ulikufa kwa sababu wenye magari walikataa kutoa, wakisema wao wana kampuni ya ulinzi na fensi ya umeme. Mimi ndiye niliyekuwa nagonga mageti. Napewa jibu na mlinzi kupitia kitundu: "bosi hayupo". Waliochanga kila mwezi ni wapangaji na mama lishe. Mkono mtupu haulambwi, vijana hawawezi kukesha na filimbi kwa sifa tu.

Kijana wa Goba
Mchango wenyewe hauna risiti. Mtu anakuja na daftari la shule, unampa hela, hujui inaishia wapi.

Mjumbe wa Shina
Daftari hilo lina jina la kila aliyetoa na kila kijana aliyelipwa. Liko ofisi ya serikali ya mtaa, njoo ulisome. Wewe ndiye hujawahi kufika kwenye mkutano hata mmoja, na wa Jumapili hii ajenda ya kwanza ni doria. Elfu tano kwa nyumba, risiti zipo. Bwana Madale, nawe nakusubiri.

Mkazi wa Madale
Nitakuja. Bastola sijaamua. Leo namwita fundi apime korido.