Kulwa ana saratani ya damu, je, Doto naye apimwe?

MamaKulwa: Habari zenu wakuu. Nina pacha wa kike wa miezi 6, wanafanana hadi baba yao huwachanganya. Kulwa alianza homa, viganja vikapauka, tumbo likajaa upande wa kushoto. Nikajua ni malaria, kipimo kikakataa. Picha nzima ya damu ikaonyesha chembe nyeupe zimepanda mno. Daktari kasema ni lukemia, kuna jeni inaitwa KMT2A imekatika ikawasha jeni za ukuaji. Mama mkwe anasema ugonjwa umetoka kwetu. Mimi najiuliza nilikula nini nikiwa na mimba. Doto anacheza tu hapa pembeni. Nifanyeje?

FundiMaabara: Pole sana dada, hujakosea chochote. Mtoto anapoumbwa kuna jeni za HOX zinazopanga mwili, kichwa huku, miguu kule. Nzi wa matunda, jeni ya jamii hiyo ikiwaka pasipo pake, huota miguu kichwani mahali pa vipapasio! Kwenye uboho, ndani ya mifupa ambamo damu hutengenezwa, nazo zina kazi. HOXA9 huwaka kwenye seli changa ili zizaliane, kisha hufifia seli inapokomaa. KMT2A ndiyo swichi yake. Ikikatika kwenye kromosomu ya 11 na kuungana na kipande cha jeni nyingine, swichi hukwama ikiwa imewashwa. Seli haikomai, inazaana tu. Kwa wachanga wa chini ya mwaka wenye lukemia, hili ndilo linalokutwa mara nyingi.

MamaKulwa: Kwa hiyo ni ya kurithi?

NesiMstaafu: Hapana mwanangu, mwambie mama mkwe hivyo. Hutokea kwenye seli moja ya damu, mara nyingi mtoto angali tumboni. Ila hapa nisikilize vizuri. Pacha wa yai moja wakichangia kondo la nyuma, damu yao hupitana humo, na seli mbovu ya mmoja huweza kuhamia kwa mwenzake. Doto apimwe leo, hata kama anacheza. Usisubiri kuulizwa, mwambie daktari wa wodi kwa kinywa chako kwamba hawa ni pacha wa kufanana. Na Kulwa akianza dawa, homa yoyote ni hospitali saa hiyohiyo, hata usiku wa manane.

Mzazi_Mwenzio: Nimepita njia hiyo na wangu. Utasikia habari za dawa iitwayo revumenib, iliyoidhinishwa Marekani Novemba 2024. Inazuia protini ya menin, ambayo KMT2A iliyoharibika huitegemea kuwasha hizo HOX. Lakini iliidhinishwa kwa waliorudiwa na ugonjwa au walioshindwa na dawa za kwanza, tena wenye umri wa kuanzia mwaka mmoja. Asije mtu akakuuzia kichochoroni. Kulwa aanze kemo mapema.

MamaKulwa: Asanteni sana. Doto katolewa damu saa nne. Alipolia, Kulwa akaamka naye akalia. Nimewapakata wote wawili, tunasubiri majibu.