Re: Nimepunguzwa kazi, kibali cha kazi cha daraja D kinakuwaje?

Mtanga wa Donholm:
Ndugu zangu Watanzania wa Nairobi, salaam. Kiwanda nilichokuwepo hapa Industrial Area kimepunguza watu, oda zimekauka. Barua tumepewa Jumatatu, Ijumaa tunatoka. Wanataka nisaini karatasi kwamba sidai chochote, eti mwenye kibali hana kiinua mgongo. Nimekwenda serikalini kuuliza, dirishani nikaambiwa nirudi na barua ya mwajiri, na mwajiri haitoi. Swali langu: D yangu haijaisha muda. Inakufa siku ninayotoka, au naweza kukaa nayo nikitafuta kwingine? Na kadi ya mgeni, kile kitambulisho changu?

Mama wa Umoja:
Pole sana mwanangu. Usisaini! Wakati wa korona mume wangu na wenzake walikubali nusu mshahara "kwa muda", kwa hofu ya kukosa vyote. Korona ikaisha, nusu ikabaki. Watu wakiogopa njaa hukubali lolote, na waajiri wanalijua hilo.

Fundi Kaloleni:
Kiinua mgongo kipo. Mshahara wa siku saba kwa kila mwaka, mwisho miaka 10.

Mhasibu, South B:
Fundi, hiyo ni sheria ya nyumbani Tanzania, ya 2004. Hapa Kenya ni Employment Act (sheria ya ajira) ya 2007, kifungu cha 40: notisi ya mwezi mmoja kwako na kwa afisa wa kazi, malipo ya siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka uliotimiza, na likizo ulizobakiza zilipwe pesa taslimu. Kifungu cha 5 kinamtaja hata mfanyakazi mhamiaji aliye nchini kihalali. Jamani, someni kabla ya kumwandikia mtu mwenye shida. Mtanga, dai pia P9 (fomu ya kodi uliyokatwa mwaka mzima) na cheti cha utumishi.

Fundi Kaloleni:
Nilitaka kusaidia tu, hakuna haja ya ukali.

Muuza mchele, Eastleigh:
Kiwanda sikitetei, ila oda kweli zimekauka. Nina mteja mwalimu, kila mwisho wa mwezi alikuwa akichukua mfuko wa kilo 25 wa mchele wa Mbeya. Sasa anakuja Jumamosi kuchukua kilo mbili. Anajua kwamba kilo kwa kilo analipa zaidi, lakini pesa ya mfuko mzima haikai mkononi tena, karo inaimeza. Wengine wameacha mchele kabisa, wanakula ugali wa unga wa kusagisha posho mill, maziwa wananunua ya ATM, ile mashine ya kupima maziwa, ya shilingi 20. Mimi nimemwachisha kijana aliyekuwa akinibebea, na yule kijana alikuwa akila kwa mama wa chakula hapo kona. Sasa naye mama analalamika. Inazunguka hivyo hivyo, mmoja akibana mkono mwingine anakosa.

Bodaboda Kawangware:
Mtu atanunua nini wakati mshahara unakatwa asilimia 2.75 ya SHIF (bima ya afya), asilimia 1.5 ya nyumba, na NSSF (akiba ya uzeeni) imepanda? Mwaka 2020 uchumi ulipopungua, serikali ilishusha VAT hadi asilimia 14, na wenye mshahara usiozidi 24,000 kwa mwezi hawakukatwa PAYE, kodi ya mshahara. Safari hii tumeongezewa mzigo. Vijana hawakutoka barabarani kupinga kodi Juni 2024 bure.

Mzee wa Ngara:
Kijana, siasa za wenyeji tuwaachie wenyewe. Tunakaa hapa kwa kibali.

Bodaboda Kawangware:
Shikamoo mzee. Makato yale yale tunakatwa na sisi, kwa hiyo tunayo haki ya kuyasema.

Mama wa Umoja:
Mimi nawaza kurudi Muheza. Huko machungwa unachuma mtini, huku chungwa moja nakata vipande watoto wagawane. Lakini shule zao ziko hapa, nitawahamishaje katikati ya mwaka?

Mtanga wa Donholm:
Asanteni. Sijasaini, na barua ya madai nimeipeleka leo nikagongewa muhuri wa kupokelewa. Ila kibali jamani?

Mhasibu, South B:
Daraja D ina jina la mwajiri. Mwajiri mpya lazima aombe upya kwenye eFNS, mtandao wa Uhamiaji wa vibali.

Mtanga wa Donholm:
Sawa, lakini kabla sijampata huyo mpya nakaa kwa karatasi gani?

Muuza mchele, Eastleigh:
Kuna anayetoka Arusha Ijumaa kupitia Namanga? Nina mifuko miwili imekwama huko, nauli nitalipa.

Fundi Kaloleni:
Shemeji yangu anatoka huko. Nitumie namba pembeni.