MREJESHO: Kuhama chuo mwaka wa kwanza

Wakuu, niliuliza kama mwanafunzi wa ualimu wa sayansi anaweza kuhamia kozi ya misitu SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), Morogoro, kwa kuwa mwenyewe ni mtu wa porini kuliko ubaoni. Imekubali. Anza na chuo unakokwenda: wakague kama una sifa za kozi na kama nafasi ipo. Chuo ulipo sasa wakuachie, kisha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) wathibitishe. Usijisajili kote kuwili. Namba yako ya kidato cha nne itagongana kwenye mfumo na utakwama. Mkopo nao haukufuati wenyewe, muone afisa mikopo mapema ukiwa na uthibitisho wa uhamisho. Ada ikishaingia chuo cha zamani, kuihamisha ni shughuli pevu. Kwa wa mwaka wa pili, andaeni matokeo na maelezo ya kila somo. Lisilolingana na la chuo kipya mtalisoma upya.