Tupeane uzoefu: mbio fupi hapa Mwanza mlianzaje, na kocha mlimpata wapi?

Dada wa Mahina
Wakuu, habari za humu. Jana jioni nimepita uwanja wa CCM Kirumba nikakuta vijana wanachomoka mmoja mmoja, nikamkumbuka mdogo wangu wa kike. Yupo kidato cha pili, mita 100 shuleni hakuna wa kumshika, hata wavulana. Mwalimu wao wa michezo ni mtu wa mpira, anamwambia tu "kimbia". Mliopitia huku, mlianzaje?

Mzee wa Spaiksi
Mimi nilitokea UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari. Spaiksi, viatu vya misumari, asubiri kwanza, aanze na raba. Na apashe misuli kila siku: mchakamchaka wa polepole, magoti juu, ndipo achomoke. Kwenye mchujo tulishushwa kwenye lori, jua kali, moja kwa moja mstarini. Mwenzangu alishika paja katikati ya mbio akaanguka. Aliniambia alisikia kama kapigwa jiwe kwa nyuma. Msimu wake ukaishia pale.

Igoma Kwetu
Hilo paja limemaliza wengi sana.

Mtoto wa Mkolani
Apige kilomita 10 kila alfajiri, pumzi itakuja yenyewe. Bayi mnadhani alivunjaje rekodi?

Mzee wa Spaiksi
Ndugu yangu, usimpoteze mtoto wa watu. Filbert Bayi alivunja rekodi ya mita 1500, Christchurch, 1974. Huyu ni wa mita 100. Achomoke mita 30 kwa nguvu zote, apumzike dakika 3 nzima, arudie mara chache, basi. Kasi haijengwi mwili ukiwa umechoka.

Mtoto wa Mkolani
Kwa hiyo pumzi haina kazi? Sisi tulikimbia hivyo hivyo na tukashinda.

Kijana wa Buhongwa
Mie nina miaka 20, nimeshachelewa?

Igoma Kwetu
Omanyala wa Kenya alianzia kwenye raga, na 2021 akakimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 Nairobi. Ingia uwanjani.

Mama wa Nyegezi
Naomba niseme kuhusu makocha, maana mpaka leo linaniuma. Alikuja mmoja uwanjani kwetu, filimbi shingoni, saa ya kupimia mkononi, maneno matamu. Akasema anapeleka vijana kambini Bukoba, kila mzazi atoe nauli na hela ya traksuti. Mwanangu hata kula hali kwa furaha. Siku ya safari tukawafikisha stendi ya Nyegezi saa kumi na moja alfajiri. Mabasi ya Bukoba yakaondoka, mtu hatumwoni, simu haipatikani. Mpaka saa nne watoto wamekaa juu ya mabegi, na hakuna mzazi aliyetaka kuwa wa kwanza kusema twendeni nyumbani.

Kijana wa Buhongwa
Duh! Pole sana mama. Alikamatwa?

Igoma Kwetu
Mtoto je, bado anakimbia?

Mama wa Nyegezi
Hela hatukuiona tena. Mtoto alisusa uwanja miezi mingi. Sasa yupo na mwalimu aliyesoma Chuo cha Michezo Malya, na hatudai hata senti.

Mzee wa Spaiksi
Dada, nenda pia kwa afisa michezo wa halmashauri, makocha wa kweli anawajua. Anayetaja hela kabla hajamwona mtoto akikimbia, mkimbie.

Mtoto wa Mkolani
Hapo nakubali. Ila kilomita 10 ziko palepale.

Dada wa Mahina
Mama, huyo mwalimu anafundishia wapi?

Mama wa Nyegezi
Jumamosi asubuhi, uwanja wa Nyamagana. Mlete, aje na maji yake.