Naombeni ushauri wakuu: deni la kadi ya mkopo la tangu 2018, wananisumbua kwa simu

Mtoto wa Nyakanga (mleta mada)
Habari za humu wakuu. Nipo Houston, Texas. Zamani nilichukua kadi ya mkopo ya benki moja kubwa huku, mambo yakayumba, mara ya mwisho kulipa ilikuwa Machi 2018. Lilibaki kama dola 4,200. Benki wakapiga simu weee mpaka wakachoka, kukawa kimya. Sasa imeibuka kampuni siijui mbele wala nyuma, inasema imelinunua lile deni na limefika dola 6,900. Wanapiga nikiwa kazini. Wamempigia mpaka shemeji yangu. Kuna dada mmoja ana sauti ya upole kabisa, lakini anachosema kwa upole huo ni kwamba nitakamatwa. Silali.
Swali langu ni moja tu: nikiomba punguzo, nianze na asilimia ngapi? Wenye uzoefu tafadhali. Matusi hapana.

Mzee wa Kaliua
Dawa ya deni ni kulipa. Ulitumia, lipa. Sioni uzi hapa.

Chapati Maji
Afadhali wewe unatishwa na dada mpole. Mimi nilikopa laki na nusu kwenye moja ya zile app za kausha damu, nikachelewa siku mbili. Wakamtumia ujumbe kila mtu aliye kwenye simu yangu: "Mwambie fulani alipe, amekuweka mdhamini." Mchungaji akapata. Fundi aliyenichimbia choo akapata, na yeye mwenyewe nilikuwa namdai! Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ikatoa orodha ya app 69 zisizo na leseni, nikaangalia, ya kwangu imo. Nilifurahi sana, ila mchungaji alikuwa ameshasoma.

Sixbert Mnyonge
Chapati Maji umeniua hahaha. Fundi wa choo mdhamini!

Dereva wa Semi
Dada (au kaka), mimi niko Dallas, haya yalinikuta. Achana na asilimia kwanza. Texas deni la kadi likipita miaka minne tangu uache kulipa, limepitwa na muda wa kushtakiwa. La kwako lilifika ukomo 2022. Na tangu Septemba 2019 kampuni inayonunua madeni hairuhusiwi kabisa kukushtaki kwa deni la namna hiyo. Kukutisha kwamba utakamatwa ni uongo, hakuna jela ya deni la kadi hapa. Kumweleza shemeji habari za deni lako ni marufuku kwa sheria ya nchi nzima ya mwaka 1977.
Sasa nijibu: umepokea karatasi yoyote ya mahakama?

Mtoto wa Nyakanga
Ubarikiwe mkuu. Ni dada. Karatasi zinakuja nyingi tu, wanapenda sana barua hawa. Ila hilo la punguzo hujanijibu. Mwenzangu mmoja kazini anasema alianza kwa kuomba alipe 30% ya deni, wakamkubalia alipe 45%.

Dereva wa Semi
Nyingi za nani?

Wakili wa Kitaa
Salaam. Naona watu wanajadili bila sheria. Kwa Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, madai ya mkataba ni miaka sita. Kifungu cha 3 kiko wazi: shauri likiletwa nje ya muda linatupwa, hata kama mdaiwa hajaleta utetezi huo. Hakimu mwenyewe anahesabu miaka, anatupa nje. Mleta mada tulia, kunywa maji.

Mtoto wa Nyakanga
Asante sana wakili. Basi hapo nimepata amani. Kumbe hata nikikaa kimya inajitupa yenyewe.

Dereva wa Semi
HAPANA. Hiyo Sura ya 89 ni ya Tanzania, haina pasipoti. Texas hakimu hahesabu miaka kwa niaba yako. Ukomo ni utetezi wa kuuleta wewe mwenyewe, kwa maandishi. Usipoutaja, deni hata liwe la enzi za Mkapa anakuhukumu kulipa. Hawa jamaa wanashtaki madeni mfu wakijua watu wengi hawatatokea.
Mara ya tatu sasa. Umepata samansi?

Wakili wa Kitaa
Nilitoa kanuni ya jumla.

Mtoto wa Nyakanga
Sawa. Wiki iliyopita Jumatano alikuja kijana mlangoni, akaniuliza jina, nikaitika, akanipa bahasha akaondoka zake. Ina muhuri wa mahakama ndogo ya kaunti ya Harris. Nimeiweka kwenye droo. Sikuiandika kwenye uzi kwa sababu swali langu halikuhusu mahakama, lilihusu punguzo. Na tayari nimemwahidi yule dada dola 200 Ijumaa hii za kuonyesha nia njema, nimempa namba ya akaunti. Kaniambia nikilipa na kesi inaisha. Mimi si mtu wa kukimbia madeni, watu wasinifikirie vibaya.

Sixbert Mnyonge
Kwenye droo!!!

Chapati Maji
Kwa hiyo umeshtakiwa, ukaweka kesi na soksi.

Dereva wa Semi
Sikiliza, dada yangu, soma pole pole.
Kwenye hiyo mahakama una siku 14 kuanzia siku uliyokabidhiwa. Kwa hesabu yako ni Jumatano ya wiki ijayo. Usipojibu, wanaomba hukumu ya upande mmoja na wanaipata. Wakishaipata, habari ya 2018 imekwisha, sasa unadaiwa hukumu, na hukumu Texas inaishi miaka 10 na inaweza kuongezewa uhai. Mshahara wako hapa hawawezi kuukata kwa deni la aina hii, lakini akaunti ya benki wanaweza kuifungia. Utaenda kununua maziwa kadi inakataa.
Na yule dada hakukwambia kwamba kesi itafutwa. Alikwambia "inaisha". Dai karatasi inayosema hivyo uone kama utaipata.
Hizo dola 200: una bahati uko Texas, kulipa hakulifufui deni lililokwishapitwa na muda likiwa mikononi mwa mnunuzi. Yapo majimbo ambako ukilipa hata kidogo hesabu ya miaka inaanza upya. Nenda benki kesho uzuie yale malipo, wanataka taarifa siku tatu za kazi kabla.

Mtoto wa Nyakanga
Lakini nikijibu si ndiyo nitakuwa nimekubali kwamba nadaiwa? Si bora nilipe kidogo kidogo tumalizane kiungwana? Mimi nimelelewa hivyo.

Dereva wa Semi
Kujibu ni kukana. Unaandika: nakana madai yote, na zaidi ya hapo dai hili limepitwa na muda wa miaka minne. Basi. Fomu ipo bure kwenye tovuti ya TexasLawHelp, kuwasilisha majibu hakulipiwi, na ukitaka mtu wa kukaa naye chini, Lone Star Legal Aid wapo hapo hapo Houston kwa wenye kipato kidogo.

Mzee wa Kaliua
Naona mnamfundisha mtu kudhulumu. Miaka minne ikipita mali ya mtu inakuwa yako? Mimi nina jirani nimemkopesha debe la mpunga tangu 2009, na bado namdai, na atalipa.

Mama Kulthumu
Mzee, waliomkopesha ni benki, benki wameshauza deni wakafuta vitabu. Hawa wamenunua kwa senti chache kwenye dola, halafu wanataka yote na riba. Dhuluma iko wapi? Mimi ningeuliza kingine: hela yenyewe ilienda wapi mdogo wangu?

Mtoto wa Nyakanga
Hilo halihusiani ila nitajibu. Mdogo wangu wa kiume alifungua duka la spea za pikipiki Kahama. Lilikuwa linaenda vizuri.

Sixbert Mnyonge
"Lilikuwa."

Kamau wa Gikomba
Poleni majirani. Huku Kenya tuna kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kilianza 2007. Mkopo wa benki ukishaharibika, riba haiwezi kupita ile salio la msingi lililobaki. Yaani wakikudai elfu mia, wakaweka riba elfu mia, mita inasimama. Mimi nilijua hiyo nikiwa nimelipa mara tatu. Hapo kwa huyu dada 4,200 hadi 6,900 hata mara mbili haijafika, kwa hivyo isingemsaidia, nasema tu.

Kijiti Kikavu
Nimesoma uzi wote. Hii ni chai, tena sukari imezidi. Kwanza ni simu tu. Halafu bahasha. Halafu droo. Halafu duka Kahama. Na mwezi wa tatu mtu huyu huyu alifungua uzi jukwaa la ardhi anauliza viwanja Kibaha, akasema yuko Mbezi na anaweza kwenda kuviona kesho yake. Houston ipi hiyo ya karibu na Mbezi?

Chapati Maji
Duh. Mwaga ushahidi.

Kijiti Kikavu
Uzi wake ule bado upo, nendeni mkasome. Dada, wewe wa Houston, kale kakibandiko ka kulipia barabara kwenye kioo cha gari kanaitwaje?

Mtoto wa Nyakanga
EZ TAG. Na nilikuwa likizo mwezi wa tatu. Sisi wa nje haturuhusiwi kununua kiwanja?

Kijiti Kikavu
Hiyo hata mtoto wa Manzese anaipata kwenye intaneti.

Mzee wa Kaliua
Subirini. Anadaiwa dola elfu saba, silali silali, kumbe anatafuta kiwanja Kibaha?

Mtoto wa Nyakanga
Kiwanja ni cha mama.

Sixbert Mnyonge
Mama yupo likizo pia?

Mama Kulthumu
Mwacheni. Hata kama ni chai, kuna mtu anasoma hapa ana bahasha ya kweli kwenye droo. Dereva, hii kitu inakaa muda gani kwenye rekodi za mikopo?

Dereva wa Semi
Miaka saba tangu uache kulipa, kisha inafutika. Ndiyo maana nashangaa watu wanaomba punguzo kwa deni ambalo linatoka kwenye rekodi lenyewe. Simu nazo zina kipimo tangu Novemba 2021: zikizidi saba ndani ya siku saba kwa deni moja, wanahesabiwa wamekunyanyasa. Andika tarehe na saa za kila simu.
Kijiti, chai au si chai mimi nimeshaandika. Nilikuwa nasubiri kupakia mzigo.

Kijiti Kikavu
Apige picha bahasha, afiche jina. Mbona rahisi.

Mtoto wa Nyakanga
Sipigi picha kitu. Sikuja hapa kuhojiwa kama uhamiaji.

*(Jumamosi)*

Mtoto wa Nyakanga
Mrejesho kwa wachache walionisaidia. Benki wamezuia malipo, 200 haikutoka. Nimejaza fomu, nimewasilisha mtandaoni na nakala nimewatumia wakili wao. Sijapewa tarehe. Yule dada kapiga tena, safari hii akaja na nilipe 35% tu. Nikamwambia aandike barua. Nakiri 35% ilinitamanisha.

Dereva wa Semi
Umefanya vizuri. Siku ya kusikilizwa ukipangiwa, NENDA. Chukua taarifa za akaunti zinazoonyesha malipo ya mwisho ni Machi 2018. Kujibu halafu usitokee ni kupoteza vilevile.

Mzee wa Kaliua
Kwa hiyo deni hajalipa.

Kijiti Kikavu
Picha bado.

Dalali wa Pwani
Dada, vile viwanja vya Kibaha bado vipo, vimepimwa, hati mkononi. Kwa mama tunapunguza. Njoo PM.