Noti za piano za nyimbo za Krismasi ibadani: nichukue zipi kati ya hizi tatu?

vidole10
Habari wapendwa. Nimepewa jukumu la kupiga ibada za Krismasi mwaka huu na mwalimu wa kwaya anataka jibu Jumapili hii ili noti zinunuliwe. Nimebakiwa na (a) kitabu cha solo za piano daraja la kati, kitamu mno ukikisikiliza, (b) kupiga zile sauti nne (soprano, alto, tena, besi) za kitabu cha nyimbo kama zilivyo, (c) karatasi zenye melodi peke yake na majina ya kodi (noti zinazopigwa pamoja) juu, mkono wa kushoto unajitungia mwenyewe. Moyo wangu uko kwenye (a). Wenye uzoefu naombeni mniambie.

MamaAlto
Mdogo wangu la muhimu hujasema. Watu wanaimba au wanakusikiliza? Ni vitu viwili tofauti kabisa. Halafu chombo ni piano kamili au kibodi, na kama kibodi ina noti ngapi?

besi_la_nyuma
(b). Sauti nne ndiyo uti wa mgongo, kwaya ikiimba sauti na wewe unapiga hizo hizo hakuna anayepotea. Sioni cha kujadili.

SolfaTu
Kaka besi, cha kujadili kipo. Zile sauti nne ziliandikwa kwa koo za watu, siyo kwa vidole. Sauti ya tena (ya juu ya wanaume) na ya besi (ya chini) mara nyingi zinaachana zaidi ya oktavu moja (noti nane), mkono wa kushoto haufiki, inabidi noti ya tena uichukue na kidole gumba cha kulia. Pia kwenye ogani sauti inakaa mpaka uachie, piano inafifia hapo hapo, kwa hiyo besi ikiandikwa noti moja ndefu lazima uipige tena au uiongezee oktavu chini, la sivyo kanisa likijaa watu hawakusikii kabisa.

besi_la_nyuma
Sasa hayo si marekebisho ya dakika mbili tu? Bado ni (b).

Neema_kibodi
Naomba nisimulie yaliyonikuta maana naona dada/kaka unaelekea kule kule. Mwaka mmoja nilichukua solo za namna hiyo hiyo, ya Joy to the World. Nilifanya mazoezi miezi miwili nikawa naipiga nimefumba macho. Siku ya ibada utangulizi wake mrefu haukuwa na hata kipande cha melodi, watu hawakujua waingie wapi, wa mbele wakaingia mapema wa nyuma wakasubiri. Ubeti wa pili melodi ikahamia mkono wa kushoto kule chini huku wa kulia unamwaga noti za haraka haraka, waumini wakakosa cha kushika wakaanza kuzubaa. Nikajipa moyo nikaendelea. Kumbe kabla ya ubeti wa tatu mpangilio unapanda kutoka ufunguo wa D kwenda ufunguo wa E flati bila kuandaa sikio, mimi nikapanda, kanisa zima likabaki D. Nusu toni jamani, hakuna kinachouma sikio kama hicho. Mchungaji akaninyooshea mkono taratibu, nikaacha, wakamalizia bila chombo na waliimba vizuri sana. Nililia siku ile. Solo ni nzuri lakini iliandikwa ili mpigaji asikilizwe, mtu anayeimba hajawekewa nafasi humo.

vidole10
Pole sana dada Neema, nimeelewa. Samahani kwa kutosema mapema: watu wanaimba nyimbo nne, halafu kuna kipande cha piano peke yake wakati wa sadaka. Chombo ni kibodi ya noti 61. Kwaya ina soprano nyingi, waimbaji wa sauti ya tena ni wawili tu.

MamaAlto
Noti 61 ni oktavu 5 tu! Solo nyingi zinashuka chini ya hapo, kagua kila ukurasa kabla hujalipa. Na angalia urefu wa sauti za watu. Hark! the Herald, ile melodi ya Mendelssohn, ukiipata katika ufunguo wa G noti ya juu ni E, katika F inaishia D. Ibada ya asubuhi na mapema watu hawajachangamka, chukua F. Adeste Fideles (O Come, All Ye Faithful) chukua G, siyo A.

gitaa_la_mkesha
Mbona hakuna anayetetea (c)? Usiku Mtakatifu ya Gruber ilipoimbwa mara ya kwanza, Oberndorf kule Austria tarehe 24 Desemba 1818, ilisindikizwa na gitaa. Kodi tatu nne, mkono wa kushoto unazivunja taratibu kwa mapigo ya 6/8, inatosha kabisa na inagusa moyo kuliko mpangilio wowote uliojaa noti.

besi_la_nyuma
Inatosha kwa anayejua kutunga mkono wa kushoto. Yeye amesema anajua?

SolfaTu
Hapo uko sahihi. Angalizo lingine, kama mwalimu wenu anatumia kitabu cha Carols for Choirs cha 1961, ubeti wa mwisho wa Adeste Fideles humo mpangaji David Willcocks aliubadilishia kodi, wote wanaimba melodi moja. Kwaya ikishikilia sauti nne za kitabu cha nyimbo wewe ukapiga za Willcocks, zitagongana vibaya. Mkubaliane mapema. Na tafadhali msianze kupiga hizi Jumapili za Majilio, zina nyimbo zake.

gitaa_la_mkesha
Kwanini zisipigwe? Watu wanazingoja mwaka mzima, ukisubiri mpaka mkesha wanaziimba siku mbili tu zimeisha.

SolfaTu
Ndiyo maana ya Majilio, kungoja. Ukizipiga wiki nne kabla, mkesha hauna jipya.

besi_la_nyuma
Kwetu tunachanganya na hakuna aliyewahi kulalamika.

Neema_kibodi
Tusimwache mwenye mada. Vidole10, hata ukichukua (b) tumia mstari wa mwisho wa wimbo kama utangulizi, kwa kasi ile ile mtakayoimba, wataingia wenyewe.

vidole10
Asanteni. Naona (b) kwa zile nne, ila ile solo ya sadaka bado inanivuta na kuna sehemu mbili inashuka nje ya kibodi yangu. Nikizipandisha oktavu moja juu itaharibika?

MamaAlto
Inategemea mkono wa kulia uko wapi hapo, msije mkagombania noti. Kibodi yenu ina pedali (ya mguu, ya kurefusha sauti)?

vidole10
Haina. Nitauliza kama inaweza kuunganishwa.